Kilemba cha Ukoka na Kichwa Kinachokivaa

Mwenyekiti, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Mmesikia mshereheshaji alivyonitambulisha. Mhariri wa miaka mingi, mlezi wa waandishi, mtu ambaye kalamu yake haijawahi kumwacha msomaji njiani. Mimi nimekaa pale, nimeinamisha kichwa kidogo kama ilivyo adabu ya mtu anayesifiwa, na kifua kimejaa. Sasa niwape siri. Maelezo yale niliyaandika mwenyewe. Jana usiku, kitandani, nikamtumia kwa simu kwa sababu aliniomba. Kila sifa mliyoisikia ilitoka kwangu, ikapita kinywani mwake, ikanirudia, na ilipofika niliipokea kama vile siijui. Isipokuwa neno moja, "gwiji". Hilo kaliongeza yeye. Na sitawaficha, ndilo lililonikolea kuliko mengine yote.

Nimeitwa nizungumzie kujipendekeza na kuigana, na namna watu wanavyovipokea. Nilikuwa nimeandaa utangulizi mrefu wa tafsiri za maneno. Tuuache, mfano mmeshauona.

Ila maneno yenyewe tusiyapite hivihivi, maana lugha yetu haina njaa kwa jambo hili. Tuna kujikomba, kurairai, kulamba miguu, kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana wameongeza "chawa", na nawapa heko, kwani neno limechaguliwa kwa jicho kali: chawa hulala ndani ya vazi, hula palepale alipolala, na mwenye vazi ndiye wa mwisho kumwona. Wahenga walishasema kikulacho ki nguoni mwako. Lakini nahau inayonikaa moyoni ni ile ya kale, kumvika mtu kilemba cha ukoka. Kilemba ni alama ya heshima. Ukoka ni majani yanayotambaa chini, tunayakanyaga bila kuyatazama. Mtu anayasokota, anakuzungushia kichwani, nawe unatembea shingo juu ukidhani umetawazwa. Angalieni nani anachekwa katika nahau hiyo. Mvikaji hachekwi. Anachekwa aliyevikwa. Na bado, tukizungumzia jambo hili, kila mara tunamtafuta mvikaji, tunamchunguza, tunamlaani, kichwa tunakiacha kiende zake. Leo nataka tukishike kichwa.

Nianze na kuiga, maana ndiko kwenye ugomvi mwingi.

Waingereza wana msemo uliotoka kwa kasisi mmoja, Charles Caleb Colton, aliyeuchapisha mwaka 1820, kwamba kuigwa ndiko kusifiwa kwa dhati kuliko kote. Msemo huo hutolewa zaidi kumfariji mtu aliyeibiwa. Mimi sijawahi kumwona aliyeibiwa akifarijika.

Wenye watoto wawili nyumbani mnaijua hii. Mkubwa anasema, "Nipe penseli yangu." Mdogo anasema, "Nipe penseli yangu." "Acha!" "Acha!" "Mama, ananiigiza!" "Mama, ananiigiza!" Dakika haipiti, mmoja wao analia. Hakuna tusi lililotamkwa. Mtoto amerudishiwa maneno yake mwenyewe, hayakuongezwa wala hayakupunguzwa, na amekasirika kuliko ambavyo angetukanwa.

Sasa wekeni hilo kando ya hili. Mwaka 2003 watafiti wa Uholanzi, wakiongozwa na Rick van Baaren, walichapisha jaribio walilofanya mgahawani. Mhudumu alielekezwa kwamba wateja wengine awarudishie agizo lao neno kwa neno, na wengine awaitikie tu kwa maneno yake, sawa, inakuja. Waliorudishiwa maneno yao waliacha bakshishi kubwa zaidi. Kitendo ni kilekile. Mhudumu amepata bakshishi, mdogo mtu amepata kofi.

Miaka minne kabla ya hapo, 1999, Tanya Chartrand na John Bargh walikuwa wameshaeleza sehemu kubwa ya fumbo hili. Waliwaketisha watu wawiliwawili waelezane picha, mmoja wao akiwa ametumwa na watafiti. Huyo wa kutumwa akawa anajipangusa uso au anatikisa mguu. Mwenzake, pasipo kujua, naye akaanza kujipangusa au kutikisa. Kisha wakaligeuza: wa kutumwa ndiye aliyeiga mikao ya mwenzake, polepole, bila kishindo. Walioigwa walimpenda zaidi, wakasema mazungumzo yalikwenda vizuri. Sababu hawakuijua. Watafiti wakaiita hali hiyo athari ya kinyonga.

Kwa hiyo kuigwa kunapendeza gizani. Usipojua kwamba unaigwa, unahisi tu huyu mtu tunaelewana, huyu ni mwenzetu. Taa ikiwashwa, mambo yanageuka. Ukiona umefanywa kichekesho, utakasirika kama yule mtoto. Ukiona kazi yako imenakiliwa na jina limebadilishwa, utakasirika zaidi, na hapo una haki, sheria za hakimiliki zimewekwa kwa ajili hiyo. Ila katika kazi yangu nimewaona wengi wakichanganya mambo mawili. Sheria inalinda namna jambo lilivyoandikwa, haiilindi fikra tupu wala mtindo. Aliyechukua ukurasa wako ni mwizi. Aliyejifunza kwako kukata sentensi ni mwanafunzi wako, hata kama hajawahi kukuamkia.

Na pasipo kuiga hakuna fundi duniani. Kuna jaribio ambalo huwa silichoki, la Victoria Horner na Andrew Whiten, la mwaka 2005. Walikuwa na kisanduku chenye zawadi ndani. Mtu mzima alionyesha namna ya kuitoa, lakini akachanganya hatua za lazima na hatua za bure: kwanza anaingiza kijiti kwenye tundu la juu na kuchokoachokoa, jambo lisilosaidia lolote, halafu ndipo anaenda kwenye tundu la mbele, lenye zawadi. Kisanduku kilipokuwa hakionyeshi ndani, sokwe wa hifadhi ya kisiwa cha Ngamba, kule Uganda, waliiga hatua zote. Kilipoletwa cha kupenyeza mwanga, ikaonekana wazi kwamba tundu la juu haliendi kokote, sokwe wakaiacha hatua ya bure, wakaenda moja kwa moja kwenye zawadi. Watoto wa binadamu, wa miaka mitatu hadi minne, wao waliendelea kuchokoachokoa juu, hata walipoona kwa macho yao kwamba hakusaidii.

Sokwe anaonekana mwerevu kuliko mtoto wetu. Mimi naona mtoto alikuwa na somo jingine kabisa. Sokwe alikuwa anasoma kisanduku. Mtoto alikuwa anamsoma mtu, na ukimsoma mtu huwezi kujua mapema kipi chake ni ujuzi na kipi ni kituko, basi unabeba vyote. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Plutarch, Mgiriki aliyeishi karibu miaka 1,900 iliyopita, anasimulia kwamba waliomzunguka mwanafalsafa Plato waliiga mabega yake yaliyoinama, wa Aristotle wakaiga kitembe chake, na wa mfalme Alexander wakaiga shingo yake iliyopinda na ukali wa sauti yake. Hebu fikirini. Aristotle, mtu aliyeandika kuhusu wanyama, siasa, ushairi na mbingu, halafu watu wanatoka kwake wamebeba kitembe.

Huyohuyo Plutarch ana kisa kingine, na hicho ndicho kilichonifanya nikubali mwaliko huu. Dionysius, mtawala wa Syracuse, mji wa Wagiriki wa kale kisiwani Sisilia, macho yake yalikuwa yamefifia. Basi waliokuwa wakijipendekeza kwake, wakikaa naye mezani, wakawa wanagongana wenyewe kwa wenyewe na kuangusha vyombo. Nataka muione meza ile. Wanaume wazima, wenye macho mazima. Mmoja ananyoosha mkono kutafuta kikombe anachokiona vizuri kabisa, anakikosa makusudi, anakisukuma kwa kiwiko, kinadondoka. Mwingine anampiga kikumbo jirani yake. Samahani, sikukuona. Na mkubwa wao katikati anasikia vyombo vikidondoka huku na huku, na moyo wake unatulia: kumbe si mimi tu, chumba hiki kina giza.

Hakuna aliyemwambia Dionysius kwamba macho yake ni mazuri. Angeambiwa hivyo angeshtuka, maana alijua. Walichomfanyia ni kumwondolea upweke wa kilema chake. Kuiga na kusifu vikawa kitu kimoja, na nadhani mwenye kujipendekeza kwa ustadi hufanya hivyo kila mara. Hatungi sifa mpya. Anachungulia ile picha unayojichora mwenyewe usiku taa ikiwa imezimwa, anainakili, anakuletea asubuhi kama zawadi. Anaiga sauti yako ya ndani. Ndiyo maana sifa ya namna hiyo haina ladha ya ugeni mdomoni. Uliipika wewe.

Na ndiyo maana kumjua mwongo hakusaidii sana. Kuiga, nimesema, kunaharibika taa ikiwashwa. Sifa za uongo ni ngumu zaidi kufa, zinaishi hata juani. Mwaka 1997 B. J. Fogg na Clifford Nass, wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaketisha watu mbele ya kompyuta wacheze mchezo, na kompyuta ikawa inawasifu. Kundi moja liliambiwa sifa hizo zinatokana na kazi yao. Kundi jingine liliambiwa waziwazi kwamba maneno ya mashine hayana uhusiano wowote na walichofanya. Waliosifiwa bure, na wanajua wanasifiwa bure, walijisikia vizuri kama wale wengine, wakajiona wamefanya kazi nzuri, na mashine wakaipenda. Mashine! Haina njaa, haitafuti cheo, haina mjomba wa kuajiriwa.

Huko Hong Kong, mwaka 2010, Elaine Chan na Jaideep Sengupta wakaenda hatua moja zaidi. Waliwapa watu kipeperushi cha duka la nguo kilichowasifu kwamba wana jicho la mitindo, kisha kikawaomba waje kununua. Walipoulizwa maoni yao, wasomaji walikuwa werevu: hawa wanataka pesa zetu. Lakini ilipopimwa ile hisia ya upesi, inayotangulia kabla mtu hajatafakari, duka lilikuwa limepanda. Akili ilimfukuza msifu mlangoni, moyo ukabaki na sifa.

Anayetazama pembeni, kwa upande wake, haoni ugumu wowote. Roos Vonk, mtafiti wa Uholanzi, alionyesha mwaka 2002 kwamba anayesifiwa humwona msifu kuwa mkweli na mwema kuliko anavyomwona mtazamaji. Miaka minne kabla alikuwa ameshaonyesha kwamba hakuna tunayemchukia upesi kama mtu anayewanyenyekea wa juu na kuwakaripia wa chini. Jina alilolipa jambo hilo ni athari ya ute, na nadhani halihitaji maelezo. Sote humu tumewahi kukaa pembeni, tukamwona mkubwa anavikwa kilemba mchana kweupe, tukaulizana kwa macho, jamani, haoni? Haoni. Na zamu yako ikifika, kuna mwingine pembeni anauliza hivyohivyo.

Yangu ilifika. Nitawasimulia, ingawa sina sifa ndani yake.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja alileta mswada ofisini. Nilisoma kurasa ishirini nikasimama, nikazunguka meza, nikakaa tena. Nilikuwa sijasoma kitu kilichonigusa hivyo kwa muda mrefu. Sentensi fupi. Aya zinazofungwa kwa kishindo. Nikamwandikia siku hiyohiyo barua ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani posta ingeipoteza. Nilimwambia kipaji chake ni cha kuzaliwa.

Tulikuwa na mhariri mmoja mama mtu mzima, alinitangulia kazini, ofisi nzima tukimwita Shangazi. Nikampa mswada, mwenyewe nikisubiri anipongeze kwa kugundua dhahabu. Alikaa nao siku tatu. Aliporudi aliuweka mezani kwangu taratibu, akauliza, "Mwanangu, huu umeupenda kwa nini?"

Nikasema, "Shangazi, una sauti."

"Kweli," akasema. "Yako."

Akafungua. Kwa penseli alikuwa amezungushia duara maneno mawili, kila yalipotokea. Sasa ni lazima niwaambie kwamba nina kasoro moja ya uandishi ambayo miaka yote imenishinda kuiacha: nikiishiwa na hoja, huanza aya kwa "Ikumbukwe kwamba". Wakati mwingine hakuna cha kukumbukwa. Ni namna ya kukohoa kabla ya kuendelea. Shangazi alikuwa ameikemea kasoro hiyo tangu siku nilipoingia ofisini. Na katika kurasa zile ishirini za dhahabu, duara za penseli zilikuwa kumi na moja.

Nilikasirika. Mtazame mtu anavyokasirika akiwashiwa taa: kwanza nilimkasirikia kijana, nikamwita mwigaji, mjanja, chawa. Nikapandisha hadi nikamwona ametumwa. Halafu nikamkasirikia Shangazi kwa kunivunjia starehe. Mwenyewe nilikuwa wa mwisho kwenye foleni.

Nikamwita kijana, nimekunja uso, nimeshika mswada kama kielelezo cha mahakamani. Nikamwuliza kwa nini ameandika "Ikumbukwe kwamba" mara kumi na moja. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mzee," akasema, "nimesoma kazi zako zote. Nilidhani ndivyo inavyoandikwa."

Mnamkumbuka mtoto na kisanduku? Alikuwa anachokoa tundu la juu kwa sababu alimwona mkubwa akilichokoa. Hakuwa ananisifu. Hakuwa na habari kwamba yapo maneno yangu ndani ya mswada wake. Miaka yote nilikuwa najihadhari na wavikaji, na siku hiyo hakukuwa na mvikaji hata mmoja chumbani. Ukoka niliuchuma mwenyewe, nikausokota, nikauvaa, na barua ya pongezi nikamtumia mtu mwingine.

Barua hiyo nayo ilikuwa na matokeo yake. Mswada wa pili wa kijana ulichukua miaka miwili na ulikuwa mwembamba, wa tahadhari, umejaa mambo aliyokwisha kuyafanya vizuri. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hii nimeifundisha mara nyingi, na mara zote nilieleza kwamba mgema ameingiwa na kiburi. Siku hizi sina uhakika na maelezo yangu. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck, wa Chuo Kikuu cha Columbia, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa shule waliopewa mafumbo wayatatue. Walipofaulu, wengine walisifiwa kwa akili zao, wengine kwa bidii yao. Kisha wakaambiwa wachague kazi inayofuata. Waliosifiwa akili walielekea kuchagua kazi itakayowaonyesha tena kuwa wana akili, wale wa bidii wakachagua ile ya kujifunzia. Wakapewa mafumbo magumu, wakashindwa wote. Waliosifiwa akili ndio waliovunjika moyo zaidi. Mwisho wakaombwa wamwandikie mtoto wa shule nyingine alama walizopata. Karibu wanne katika kila kumi wa waliosifiwa akili walidanganya, wakajiongezea.

Nasoma hapo namwona mgema. Amesifiwa, watu wamejaa uani, wote wanataka lile tembo walilolisikia. Mnazi hautoi zaidi ya jana. Huyo mtu hana kiburi. Ana hofu. Maji anayatia usiku ili sifa isikatike. Kijana wangu alifanya hivyohivyo, na aliyempa ndoo ya maji ni mimi, nilipomwambia amezaliwa nacho. Kitu ulichozaliwa nacho utakiongezaje? Unaweza tu kuogopa kugunduliwa kwamba huna.

Kwa wakubwa sitakaa sana, mengi mnayaona wenyewe. Niseme tu kwamba Sun Hyun Park, James Westphal na Ithai Stern, mwaka 2011, waliwachunguza wakuu wa makampuni ya Marekani, wakakuta kwamba wale waliozungukwa zaidi na sifa na kukubaliwa kila wasemalo walikuwa wagumu zaidi kubadili njia hata kampuni ilipokuwa inayumba. Machiavelli, mwandishi wa siasa wa Italia, alikuwa ameshaliona tatizo hilo mwaka 1513, na dawa aliyoipendekeza si ya kupendeza: mtawala achague watu wachache wenye hekima, hao tu wawe na ruhusa ya kumwambia ukweli, na kwa lile tu analowauliza. Kila mtu akiruhusiwa kukwambia ukweli, anasema, heshima inakwisha. Mimi nadhani dawa hiyo ina kasoro yake ndani. Anayewachagua wenye hekima ni kichwa kilekile chenye kilemba. Nani alimchagua Shangazi? Hakuna. Alikuwepo kabla yangu, na mshahara wake haukutoka kwangu. Nikiulizwa mkubwa ajikinge vipi, nitajibu kwa ufupi: awe na mtu mmoja karibu ambaye hana uwezo wa kumpandisha wala kumshusha.

Kuna gharama nyingine, hii inatuhusu wote, hata tusiojipendekeza kwa yeyote. Henry Walter Bates, Mwingereza aliyekaa miaka 11 katika misitu ya Amazon, alieleza mwaka 1862 juu ya vipepeo ambao ndege wangewala vizuri tu, lakini wanavaa rangi za vipepeo wengine wenye ladha mbaya ambao ndege wamejifunza kuwakwepa. Wizi wa sare, kwa kifupi. Sare hiyo inafanya kazi waigaji wakiwa wachache. Wakizidi, ndege anadonoa mmoja, anadonoa wa pili, anagundua rangi ile ni chakula, na hapo hata mwenye sumu ya kweli anaanza kuliwa. Maneno ya sifa yanakufa hivyohivyo. "Mahiri" limedonolewa hadi halina rangi. "Nguli" liko njiani. "Gwiji", mmeshuhudia, leo nimepewa mimi. Siku atakapotokea gwiji wa kweli tutamwita nani?

Na sasa tumezifundisha mashine. Aprili 2025 kampuni ya OpenAI ilitoa toleo jipya la programu yake ya kuzungumza na watu, na ndani ya siku chache ikalirudisha nyuma, ikikiri kwamba limezidi kusifu na kukubali kila neno. Chanzo walichokitaja kimenifikirisha: waliegemea mno maoni ya papo kwa papo ya watumiaji. Yaani mashine haikuzaliwa chawa. Vidole vyetu vilibonyeza "nimependa" kila iliposema tunayotaka kusikia, nayo ikatusoma, kama mtoto anavyomsoma mtu mzima, ikabeba vyote. Ukiitazama ikikusifu, unajitazama wewe.

Mtaniuliza, basi tusisifu? Sifuni, jamani. Chanda chema huvikwa pete, na nimewaona watu wazuri wakinyauka kwa kukosa neno moja la shukrani. Lakini taja kazi. Mwambie ukurasa gani, sentensi ipi, ilikufanya nini. Sifa yenye anwani ni ngumu kughushi, kwa sababu inabidi kwanza usome.

Namalizia na yule kijana, maana najua mnataka kujua. Alipotea. Hakuja ofisini, hakuandika, nami sikumtafuta, kwa aibu. Mwezi uliopita ameleta mswada wa tatu. Kauacha mapokezi, bila barua.

Ukurasa wa kwanza haukunipendeza hata kidogo. Sentensi ni ndefu, za aina ambayo mimi huzikata bila huruma. Anatumia maneno ambayo siyatumii. Aya hazifungwi, zinaachwa wazi, mtu unabaki umeshika mlango. Nilitafuta kitu changu humo, nikatafuta, sikukiona, na nikahisi baridi fulani, kama mtu aliyepita mbele ya kioo asijione. Mkono ukaenda kwenye penseli wenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kuandika pembeni, "Haina sau—", ndipo nikaliona neno ninaloliandika.

Nikaiweka penseli chini, nikafungua ukurasa wa pili. Mswada una kurasa 212. Jana usiku, kabla ya kukaa kuandika ule utambulisho wangu, nilikuwa nimefika wa 140, na bado sijajua kama naupenda.

Ahsanteni.